Bastola ya Sanamu: Ipi Yafaa, na Yafaa kwa Nani?

Pwani ya kusini, kutoka Likoni hadi Lungalunga, haina upungufu wa vijana wenye hamu ya maigizo. Wako wanaocheza michezo shuleni, wako wanaotumbuiza wageni mahotelini Diani, na siku hizi wako wengi zaidi wanaopiga filamu fupi kwa simu zao za mkononi na kuzisambaza zikaonekana mpaka ng'ambo. Mara nyingi visa vyao ni vya wezi na polisi, au vya vita vya kale. Na kila mara hukwama pale pale: bastola itatoka wapi?

Bastola halisi hapana wa kuwapa, wala haifai. Basi hutafutwa sanamu yake, tena sanamu ya bei nafuu, na aghalabu ile iliyofanana mno na bastola za wanajeshi ambazo dunia nzima imezizoea kwa sababu ya sinema. Mwenye kulitazama jambo hili juu juu ataliona kuwa ni la mchezo tu. Lakini sanamu ya silaha ina hatari ambayo sanamu ya tembo au ya twiga haina: anayeiona kwa mbali hawezi kujua kuwa ni sanamu, na asiyejua hutenda kama kwamba ni ya kweli.

Oktoba 20, 2024, sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Kwale. Siku kama hizo huamsha hamu ya kuwaona mashujaa wetu wenyewe jukwaani, si wa vitabu vya watu wengine. Tumchukulie basi kijana wa Kona ya Musa, kiongozi wa kikundi cha maigizo, anayetaka kuonyesha vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Mfuko wake ni mwepesi. Anataka bastola moja ya afisa wa Kiingereza. Anunue nini?

NAKALA SI NENO GENI KWETU

Kwanza kijana huyu ajue kwamba yeye si mtu wa kwanza wa pwani hii kutafuta nakala rahisi ya silaha ya askari. Babu zake walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Lugha yenyewe ni shahidi. Tunazo bunduki za gumegume, zilizowaka kwa jiwe. Tunayo makorofindo na magobori, yaliyoshindiliwa baruti mdomoni. Tunayo fataki, ambayo kabla ya kuwa mchezo wa watoto ilikuwa ni kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti ya bunduki. Neno bastola lenyewe tulilipata kwa Wareno. Hapana taifa linaloweka maneno mengi hivyo kwa kitu lisichokitumia.

Sehemu kubwa ya bunduki hizo zilikuwa nakala. Jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki yake ya jiwe, iliyopigwa chapa ya Tower na taji la mfalme. Jeshi lilipoiacha kwa silaha bora zaidi, viwanda havikuiacha. Mafundi wa Birmingham, na zaidi wale wa Liège huko Ubelgiji, waliendelea kuitengeneza kwa chuma hafifu na mbao za bei ya chini, na baadhi yao wakaipiga ile ile chapa ya Tower, ili iuzwe Afrika. Mnunuzi aliona chapa, akadhani amenunua silaha ya askari. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwako Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba silaha zilizopitia Unguja kwa mwaka mmoja zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000.

Kisha yakaja mapatano ya Brussels ya mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha mlango wazi kwa bunduki za jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Maana yake ni kwamba Mwafrika na Mwarabu wa pwani aliruhusiwa kununua nakala ya silaha ya zamani, na wakati huo huo askari wa Kizungu alikuwa na bunduki ya kufyatua mfululizo. Mwaka 1895, Mbaruk alipokataa kuinama, tofauti hiyo ilionekana wazi. Agosti ya mwaka huo Admirali Rawson alipanda na askari wa manowari hadi boma la Mwele, bara ya Gazi, akaliteka. Mbaruk aliendelea kupigana msituni mpaka Aprili 1896 alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Hili nalitaja kwa sababu lina funzo kwa mnunuzi wa leo. Chapa iliyo juu ya nakala haisemi kilichomo ndani yake. Babu zetu walidhani wamenunua silaha, kumbe wamenunua karibu na sanamu. Hatari ya leo ni kinyume chake: mtu adhani amenunua sanamu, kumbe amenunua silaha.

NAKALA ZA AINA NNE

Katika biashara ya ulimwengu, neno hili "nakala ya bastola ya kijeshi" limebeba vitu vinne vilivyo mbali mbali kama mbingu na ardhi, na wauzaji hawajali sana kumfafanulia mnunuzi.

Aina ya kwanza ni bastola halisi iliyotengenezwa upya kwa ramani ya kale. Mfano mashuhuri ni ile bastola aliyoibuni Mmarekani John Moses Browning, ikakubaliwa na jeshi la Marekani Machi 29, 1911, na kwa sababu hiyo ikaitwa M1911. Ilikaa kiunoni mwa askari wa Marekani kwa zaidi ya miaka 70, hata mwaka 1985 ilipotangazwa kwamba mahali pake patachukuliwa na Beretta ya Kiitalia. Haki za ubunifu wake zilikwisha zamani, na leo viwanda vya Ufilipino, Uturuki, Brazil na China huitoa kwa bei iliyo chini sana kuliko ile ya Colt yenyewe. Mmarekani asemapo anatafuta nakala ya bei nafuu, mara nyingi hii ndiyo anayoitafuta. Hiyo si sanamu. Inaua kama ile ya kwanza. Hapa Kenya raia hawezi kuwa nayo bila cheti kitolewacho na Bodi ya Leseni za Silaha, na kikundi cha maigizo hakina haja nayo hata kidogo.

Aina ya pili ni bastola ya kishindo: inapiga baruti bila ya risasi. Watu wa filamu wanaipenda kwa moto wake na sauti yake. Lakini fundi mwovu aweza kuitoboa mtutu na kuigeuza ikawa ya kupiga risasi, na zimegeuzwa nyingi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika juu ya bastola za namna hii kutoka Uturuki zinazopelekwa Somalia kwa magendo. Mtu wa Kwale, aliye jirani na mpaka na bahari, hana sababu ya kukiingiza kitu kama hicho nyumbani mwake.

Aina ya tatu ni ya upepo au ya gesi, inayorusha vidonge vya plastiki au vya chuma. Hizi hutengenezwa kwa uzito na umbo la ile ya kweli, hata chapa zake. Watu huziita za kuchezea. Kidonge cha chuma chaweza kulitoa jicho la mtu, na sheria za nchi nyingi zinazihesabu baadhi yake kuwa silaha. Atakaye kuinunua na aulize kwanza kwa wahusika, tena aulize kabla ya kutoa fedha.

Aina ya nne ndiyo sanamu tupu: ya mbao, ya plastiki nzito au ya madini ya zinki, isiyo na tundu la kupitisha kitu. Viko viwanda vya kazi hiyo tu. Denix, kiwanda cha kisiwa cha Menorca huko Uhispania, hutengeneza kwa zinki sanamu za M1911, za Luger, za Mauser na za bastola za wapanda farasi wa Marekani, kwa ajili ya wapenzi wa kumbukumbu na watu wa maigizo. Kijana wetu wa Kona ya Musa asitoke nje ya aina hii ya nne. Na hata humo ndani, bado ana kuchagua.

KILA MCHEZO NA BASTOLA YAKE

Wengi wakisikia "bastola ya jeshi" huiona akilini ile M1911, kwa sababu ndiyo waliyoizoea kwenye sinema. Lakini kumpa afisa wa mwaka 1895 bastola iliyokubaliwa mwaka 1911 ni sawa na kumpandisha Mbaruk matatu ya Ukunda. Watazamaji wetu si wajinga. Wako wazee wanaoijua historia ya Gazi kwa kusimuliwa na waliosimuliwa na walioiona.

Kwa vita vya Mwele bastola inayofaa ni Webley. Ilianza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1887. Ni ile yenye kikombe cha kuzunguka chenye matundu sita, ambayo huvunjwa katikati kama mtu avunjavyo muwa, maganda yakatoka yote kwa pamoja. Afisa wa Kiingereza alikuwa nayo Mwele, na watoto wa ukoo huo huo wa bastola waliendelea kuonekana Kenya kwa muda wa miaka 60 na zaidi.

Kwa mchezo wa Vita Kuu ya kwanza, pwani yetu ina kisa ambacho watu wengi hawakijui. Mwaka 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanga wakielekea Mombasa, na mapigano yakafanyika huku huku kwetu, Majoreni na Gazi. Miongoni mwa waliowazuia walikuwako Waarabu wa Mombasa, wengi wao Wahadhrami, waliokusanywa na Mwingereza aitwaye Arthur Wavell. Huyu Wavell alikuwa mtu wa ajabu. Mwaka 1908 alikwenda Makka pamoja na mahujaji akijifanya Mswahili wa Unguja, na kisa hicho akakiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1912. Aliuawa katika vita hivyo hivyo, hapo Mwele, Januari 1916. Mchezo wa kisa hicho utahitaji Webley upande mmoja, na upande wa Wajerumani Luger, iliyokubaliwa na jeshi lao la nchi kavu mwaka 1908, au Mauser ya mwaka 1896, ile yenye ala ya mbao inayopachikwa nyuma ikawa kitako.

Na kwa mchezo wa Mau Mau, mwandishi asisahau kwamba bunduki nyingi za msituni zilikuwa za kutengenezwa kwa mkono: bomba la maji, kipande cha mbao, komeo ya mlango na mpira wa kuvutia. Hizo nazo zilikuwa nakala, za fundi asiye na kiwanda, na pengine zilimdhuru mpigaji kabla ya kumfikia adui. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 21, 1956, shitaka lililompeleka kitanzini Februari 18, 1957 lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi zake. Katika nchi hii, tangu wakati wa mkoloni, bastola mkononi mwa kijana mweusi imekuwa ni hukumu kabla ya maelezo.

MBAO AU ZINKI?

Sasa tuje kwenye mfuko. Sanamu ya zinki kutoka Ulaya ni nzuri kwa macho. Uzito wake unakaribia ule wa kweli, nao si mdogo: M1911 na Webley ya Vita Kuu kila moja ina uzito wa kama kilo 1 na gramu 100. Mchezaji aliyeishika hujua mara moja kwamba mkono unachoka, na hivyo huigiza vizuri zaidi. Lakini bei yake ikijumlishwa na nauli na ushuru haitakuwa nafuu tena, na forodhani atakutana na maswali. Kitu chenye umbo la bastola ndani ya kifurushi hakipiti kama kanga.

Ya plastiki ni rahisi na yapatikana madukani. Ila aghalabu ni ya umbo la bastola za siku hizi, haifai kwa mchezo wa kale, na huvunjika siku ya kwanza ikiangushwa jukwaani. Kisha ubaya wake mwingine ni kwamba ikipakwa rangi nyeusi hufanana kabisa na zinazotumiwa na polisi na majambazi wa leo.

Ya mbao ndiyo ninayoipendekeza. Pwani yetu ina mafundi. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kiko Changamwe tangu mwaka 1963, na kazi za wachongaji zimejaa ufukweni Diani. Mpingo ni ghali, tena umeadimika. Lakini mwarubaini na mwembe hupatikana kila mahali, huota upesi, na wachongaji wengi wameugeukia mwarubaini ili kuipumzisha misitu. Mpe fundi picha ya Webley ya mwaka 1915 na kipimo chake, sentimita 28 na nusu toka mdomo wa mtutu hadi nyuma, atakuchongea kitu ambacho kikipakwa rangi ya makaa na vanishi, mtazamaji wa safu ya pili ataamini. Mtutu usitobolewe mpaka ndani. Kitundu cha nukta mbili tatu kinatosha macho. Uzito ukitakikana, kipande cha chuma kipachikwe ndani ya mkono wa bastola. Mlio upigwe nyuma ya pazia. Ngoma moja ikipigwa kwa ufundi hushtua ukumbi mzima.

Faida ya mbao si bei peke yake. Sanamu ya mbao ikigeuzwa huonyesha kuwa ni mbao. Polisi akiishika atajua. Mtoto akiiangusha haidhuru. Na hapana fundi awezaye kuifanya itoe risasi.

ROHO ZILIZOPOTEA

Pengine msomaji atasema nimelikuza jambo dogo. Basi na tutazame yaliyotokea kwingine.

Novemba 22, 2014, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mtoto mweusi wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa kiwanjani akichezea bastola ya kurusha vidonge vya plastiki. Ilikuwa nakala ya M1911. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilitaka vitu vya namna hiyo viwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni, lakini kwenye hiyo alama ilikuwa imeondolewa. Mtu mmoja alipiga simu polisi, na katika maelezo yake akasema huenda ikawa ni ya bandia. Neno hilo halikuwafikia polisi waliotumwa. Gari lilifika, na kabla ya sekunde chache kupita mtoto alikuwa amepigwa risasi. Alifariki siku ya pili yake.

Oktoba 21, 2021, katika jimbo la New Mexico, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa katika matayarisho ya filamu iitwayo Rust. Mwigizaji Alec Baldwin alikuwa ameshika nakala ya Colt ya mwaka 1873, bastola ya wapanda farasi wa jeshi la Marekani, iliyotengenezwa na kiwanda cha Pietta cha Italia. Waliokuwapo waliambiwa kuwa haina kitu. Kumbe ilikuwamo risasi ya kweli. Msimamizi wa silaha wa filamu hiyo alipatikana na hatia Machi 2024, akafungwa miezi 18. Kesi ya Baldwin ilifutwa Julai mwaka huo huo.

Visa hivi viwili ni vya aina mbili za makosa. Cleveland, kitu kisichoua kilidhaniwa kinaua. New Mexico, kitu kinachoua kilidhaniwa hakiui. Na vyote viwili vilianza kwa nakala ya bastola ya kale ya askari, kitu ambacho mnunuzi wake alikipenda kwa umbo lake tu. Waingereza walipoliona hilo walitunga sheria mwaka 2006 ya kuzuia uuzaji wa sanamu za silaha zinazofanana mno na za kweli, ila kwa wenye kazi nazo maalumu kama majumba ya makumbusho, tamthilia na filamu.

Kwetu, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakitambua kitu chenye sura ya silaha hata kikiwa hakiwezi kutoa risasi, na anayekitumia kwa nia ya uhalifu huwa na kosa. Na mara kwa mara tunasikia polisi wakitangaza kwamba mshukiwa fulani alipatikana na bastola bandia, pengine baada ya mshukiwa mwenyewe kuwa maiti asiyeweza kusema ilikuwa ya kazi gani.

Hapa pwani ya kusini jambo hili lina uzito zaidi. Watu wa Likoni, Ukunda na Diani hawajaisahau Agosti 13, 1997, usiku ule kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa, polisi wakauawa na bunduki nyingi zikachukuliwa, kisha raia wakateseka kwa muda mrefu, mikononi mwa washambuliaji na mikononi mwa msako. Na katika miaka ya karibuni kijana wa Kiislamu wa huku, mwenye kanzu na kofia yake, amezoea kutazamwa kwa jicho la kushukiwa. Kijana kama huyo, usiku, juu ya bodaboda, na sanamu ya bastola imechomoza kiunoni akitoka mazoezini: nani atamuuliza kwanza kama ni ya mbao?

JAMBIA LINA ADABU YAKE

Yuko atakayeuliza: mbona jambia tunalivaa? Bwana harusi wa pwani na wa visiwani hujifunga jambia kiunoni na kushika upanga, na hapana anayekimbia. Hoja hii ni nzuri, na jibu lake lina faida.

Jambia lina adabu yake iliyokaa karne nyingi. Lina siku yake, lina vazi lake, lina mahali pake kiunoni, na hubaki ndani ya ala. Aliyelivaa hutazamwa kwa furaha kwa sababu kila mtu aijua maana yake. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuandika ufundi na desturi za khanjari ya Oman katika orodha ya urithi wa wanadamu. Walioandikwa humo ni mafundi na desturi, si makali ya chuma.

Tena jambia linatufunza kwamba nakala si kitu kibaya daima. Zamani mpini uliotakiwa na matajiri wa Yemen ulikuwa wa pembe ya kifaru. Kenya, iliyokuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, ilijikuta mwishoni mwa miaka ya 1980 imebakiwa na wasiofika 400, na mipini hiyo ilikuwa sababu mojawapo. Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe hizo mwaka 1982, na mafundi wakazidi kutumia pembe ya nyati wa majini. Mpini wa bei nafuu ukawa stara kwa mvaaji na salama kwa mnyama.

Lakini bastola haina adabu kama hiyo kwetu. Haina sherehe yake, haina vazi lake. Lugha yake ni moja tu, nayo ni ya kutisha. Ndiyo maana nasema sanamu yake ikae jukwaani, na ikitoka hapo iingie sandukuni. Dini yetu ililiona jambo hili kabla bastola haijabuniwa: Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumwelekezea mwenziwe silaha, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama, kwa kuwa hajui huenda mkono ukateleza, na alikataza Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenziwe. Aliyetishwa kwa sanamu ametishwa vile vile.

WATOTO NA SIKU YA IDD

Hapo ndipo tunapofika kwa watoto. Siku ya Idd mtoto aliyepewa vishilingi vyake hukimbilia dukani, na kinachomvutia mara nyingi ni bastola ya plastiki, nyeusi, yenye vidonge. Hushinda kutwa akiwalenga wenziwe machoni, na wazazi wakicheka. Husemwa mtoto akililia wembe, mpe. Lakini wembe wa methali humkata aliyeulilia, akajifunza. Wembe huu humkata jirani. Na akiwa na miaka 15, akiishika ile ile njiani magharibi, hatakatwa kidole.

Sisemi watoto wasicheze vita. Watoto wa pwani wamecheza vita tangu zamani, kwa panga za makuti na bunduki za vijiti, na hapana mzazi aliyezikwa na huzuni kwa kijiti. Mzazi atakaye kumfurahisha mwanawe na amnunulie ya rangi ya manjano au ya kijani, ya maji, isiyofanana na kitu chochote cha askari. Na wenye maduka wa Ukunda na Msambweni wakiona hizo ndizo zinazotoka, ndizo watakazoleta.

LA KUFANYA

Kwa vikundi vya maigizo na vya filamu ushauri ni mfupi. Chagua sanamu ya mbao, ya bastola inayolingana na wakati wa kisa chenu. Iwe mali ya kikundi, si ya mtu, na iandikwe katika daftari kama viandikwavyo viti na ngoma. Mtu mmoja awe ndiye mwenye funguo ya sanduku lake. Mkitaka kupiga filamu nje, mwambieni chifu na mkuu wa kituo cha polisi siku na mahali, nanyi mbaki na barua mkononi. Majirani nao waambiwe, kwani simu ya mtu aliyeshtuka ndiyo iliyoleta msiba Cleveland. Wakati wa mazoezi msitumie sanamu; kipande cha kijiti kinatosha mpaka siku ya onyesho. Na asibebe mtu yeyote kiunoni, hata hatua kumi toka ukumbini.

Kwa serikali ya kaunti ya Kwale na wakuu wa utamaduni liko jambo moja lililo rahisi kufanyika. Wangeweka ghala ndogo ya vifaa vya maigizo: Webley tatu nne za mbao, magobori kadhaa, mavazi ya askari wa kale, sanduku na daftari. Kikundi kikihitaji, kiandikishe, kichukue, kirudishe. Kazi hiyo ingewapa riziki wachongaji wetu, ingewapunguzia vijana gharama, na polisi wangejua ni sanamu ngapi zilizoko na ziko kwa nani. Kisha kisa cha Mbaruk, na cha Wahadhrami wa Wavell waliozikwa mbali na kwao, vingeonyeshwa Gazi kwenyewe yalikopita, mbele ya watu wa Gazi, bila ya mtoto wa mtu kurudi nyumbani akiwa amebebwa.